Mwalimu, Nina Pumu: Nichague Somo Gani la Viungo na Afya?

Mwalimu, shikamoo.

Nina miaka 16, niko sekondari, na nina pumu tangu utotoni. Shule imetupa fomu ya kuchagua masomo ya viungo na afya ya mwaka ujao. Yako matano: Michezo ya Timu, Siha na Nguvu, Kuogelea, Afya na Huduma ya Kwanza, na Sayansi ya Michezo, ambayo ina mtihani wa mwisho. Tunatakiwa kuchagua mawili, na angalau moja liwe la vitendo. Fomu inarudishwa Ijumaa.

Mwaka huu tulipimwa kwa zile mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio. Nilifika hatua ya nne nikaanza kukohoa, nikatoka. Nilipokaa ndipo kifua kikazidi kubana, kwa kama dakika kumi, na inhela yangu ilikuwa imefungiwa ofisini. Nilipata alama za chini kuliko wote darasani. Tangu siku hiyo nikisikia neno "viungo" tumbo linanikata.

Mama anataka tumwombe daktari barua niachishwe kabisa. Kaka yangu anasema nikichagua Siha na Nguvu vyuma vitanidumaza na nitaota mabega ya kiume. Wenzangu wanasema Afya ni somo la kupumzikia. Mimi ningependa baadaye nisomee uuguzi. Nichague yapi?

Mwanafunzi, miaka 16

*

Marahaba, binti yangu.

Andika Siha na Nguvu, kisha Afya na Huduma ya Kwanza. Barua ya kuachishwa kabisa usiiombe. Iko barua nyingine ya daktari itakayokufaa zaidi, nitakueleza hapa chini. Ila kabla ya hayo inabidi tuelewane kuhusu siku ile ya mbio, kwa sababu naona ndiyo inayokuamulia mambo yote.

Kipimo kile ni kigumu kwa mtu mwenye pumu kwa namna kilivyopangwa. Katika toleo linalotumika sana, unaanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika unaongezwa nusu kilomita. Ukifika hatua ya nne unatakiwa kumaliza kila mita 20 kwa sekunde 7.2, unageuka, unarudi, na hakuna kupumzika hata kidogo. Unaanza kuvuta hewa kwa mdomo, nyingi na kavu, ambayo haikupita puani ikapata joto na unyevu. Njia za hewa zinakauka na kupoa, misuli inayozizunguka inakaza, zinakuwa nyembamba. Na kule kubana kuzidi baada ya kukaa chini ndiyo tabia yenyewe ya pumu ya mazoezi: mara nyingi hukolea dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama. Kwa hiyo alama ile haikupima bidii yako. Ilipima pumu isiyotayarishwa, siku ambayo dawa ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Hilo la inhela kufungiwa ofisini ndilo la kwanza kurekebishwa, kabla hata ya fomu. Inhela ya kutuliza inakaa mfukoni mwako au kwenye kibegi kilicho pembeni ya uwanja, mahali unapoweza kuifikia ndani ya dakika moja. Shule ikisisitiza kuhifadhi moja, wape ya akiba na wewe ubaki na yako. Angalia tarehe ya mwisho ya kutumika. Angalia pia kama bado ina dawa: kuitikisa ukasikia maji maji ndani hakukuhakikishii kitu, kwa kuwa gesi ya kusukuma hubaki hata dawa yenyewe ikiwa imekwisha. Kama haina kihesabu, andika kwenye kalenda siku uliyoifungua na mipulizo unayotumia. Kopo za salbutamoli, ile dawa ya kutuliza yenyewe, kwa kawaida huwa na mipulizo 200.

Kama daktari wako amekuruhusu kuitumia kabla ya mazoezi, ivute dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Ukiivuta wakati wenzako wameshapanga mstari umechelewa. Itikise, toa pumzi yote, funga midomo vizuri kwenye spesa (ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela), bonyeza mara moja, vuta taratibu, zuia pumzi hadi sekunde 10 ukiweza. Subiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya mpulizo wa pili. Kosa ninaloliona zaidi ni kubonyeza mara mbili mfululizo na kuvuta kwa haraka. Dawa inaishia kooni na kwenye ulimi, mapafu hayapati kitu.

Halafu pasha mwili joto kwa dakika 10 hadi 15, na usipashe kwa kukimbia moja kwa moja. Tembea kwa haraka dakika 5, kisha kimbia sekunde 20 hadi 30 na kutembea dakika moja, mara sita hivi. Kwa watu wengi wenye pumu, ingawa si wote, vipande hivi vifupi hufanya njia za hewa zitulie kwa muda, kwa hiyo zoezi lenyewe linakuja wakati kifua hakina ukali. Mwishoni usikae ghafla. Tembea mpaka pumzi irudi.

Zipo dalili mbili tatu ambazo lazima zifike kwa daktari kabla ya muhula kuanza. Kama unahitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya mazoezi, au pumu inakuamsha usiku, basi haijadhibitiwa, na huenda unahitaji inhela ya kinga inayotumika kila siku. Kama sauti inatokea kooni wakati wa kuvuta hewa ndani, na inhela haisaidii chochote, yaweza kuwa ni tatizo la nyuzi za sauti. Matibabu yake ni mengine kabisa. Na kama unachoka kupita kiasi, unahema hata kwa kupanda ngazi, na hedhi yako ni nzito, omba upimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma kwa wasichana wa umri wako hudhaniwa mara nyingi kuwa ni uvivu au pumu. Maumivu ya kifua au kuzirai katikati ya mazoezi, hilo halingojei muhula. Nenda mara moja.

Sasa barua ya mama. Namwelewa, mzazi aliyewahi kumwona mtoto wake akikosa hewa hawezi kusahau. Lakini kukuachisha kabisa kutafanya pumzi yako izidi kuwa fupi, kwa sababu moyo na misuli visivyofanya kazi huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za shughuli za mwili kila siku, na angalau siku 3 za wiki ziwe na mazoezi makali ya pumzi pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Pumu iliyodhibitiwa haikutoi humo. Barua ya kuomba kwa daktari ni ya marekebisho, na iwe na mambo haya kwa maandishi: kwamba unabeba inhela mwenyewe, kwamba unapewa dakika 15 za kuivuta na kupasha mwili, kwamba unaweza kupunguza kasi au kusimama bila kukatwa alama, kwamba siku za baridi kavu, vumbi au moshi unafanya kazi ya ndani, na hatua za kuchukua ukibanwa. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo hahitaji kubahatisha, na wewe huhitaji kujieleza mbele ya darasa.

Hatua zenyewe za kubanwa mwambie na rafiki mmoja unayekaa naye: kaa wima, usilale; mpulizo mmoja kila sekunde 30 hadi 60, hadi kufikia 10; hali isipotulia, au ikizidi wakati wowote, waite msaada wa dharura. Kama mpango wa daktari wako unasema tofauti, fuata wake.

Kwa nini Siha na Nguvu? Kwa sababu kazi yake ni ya vipande. Unafanya nusu dakika, unapumzika, unafanya tena, na kifua chenye pumu huvumilia hivyo kuliko mbio ndefu zisizokatika. Pia katika somo hili unapimwa dhidi ya wewe wa mwezi uliopita, ilimradi mwalimu analifundisha inavyopasa.

Kaka yako mjibu kwa upole kwamba vyuma havidumazi. Hofu hiyo imetokana na gegedu laini zilizo kwenye ncha za mifupa ya vijana, ambako urefu hukua. Ni kweli zinaweza kuumia, na mara nyingi huumia kwa kuanguka, kugongana, au kijana kunyanyua uzito asiouweza bila msimamizi ili aonekane. Mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa hayajaonekana kupunguza urefu. Kuhusu mabega, msichana ana testosteroni (homoni inayokuza misuli) kidogo sana ukilinganisha na mvulana, na miezi ya kwanza nguvu nyingi unazopata hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli. Utabeba zaidi kabla hujaona tofauti yoyote kwenye kioo.

Wiki mbili au tatu za mwanzo uzito wa mwili wako unatosha: skwati, pushapu za ukutani au kwenye benchi, planki (kujishikilia mwili ukiwa umenyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu), kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kuvuta dambeli nyepesi kuelekea ubavuni. Seti 1 hadi 2 za marudio 8 hadi 12, siku 2 hadi 3 kwa wiki, na misuli ileile ipate siku nzima ya kupumzika katikati.

Tuitazame skwati kwa karibu, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Miguu upana wa mabega, vidole vimegeukia nje kidogo. Anza kwa kurudisha makalio nyuma, kama mtu anayetafuta kigoda gizani. Wanaoanza hutanguliza magoti. Hapo visigino vinainuka na uzito wote unakuja kwenye vidole. Kosa la pili ni magoti kuanguka ndani wakati wa kupanda. Yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Weka benchi nyuma yako, shuka mpaka uliguse kidogo bila kukaa, kisha panda ukitoa pumzi. Pumzi, binti yangu: usiibane. Vuta ukishuka, toa ukipanda, kila rudio.

Ukiweza marudio 15 kwa umbo zuri katika vipindi viwili mfululizo, ongeza uzito kwa asilimia 5 hadi 10. Hapa ndipo shule nyingi zinapokwama, kwa sababu dambeli zinaruka kutoka kilo 5 hadi 7.5, na hiyo ni nyongeza ya asilimia 50. Usiirukie. Baki na kilo 5, lakini shusha kwa kuhesabu hadi tatu, au ongeza seti moja, mpaka ile ya 7.5 ikubali marudio 8 bila kiuno kuyumba.

Upande wa pumzi, anza na vipande 8 vya kukimbia sekunde 30 na kutembea sekunde 60 hadi 90. Kila baada ya wiki mbili ongeza vipande viwili, au punguza mapumziko kwa sekunde 10. Usifanye yote mawili kwa pamoja. Walimu wengi wataka uhesabu mapigo ya moyo, kwa ile kanuni ya 220 kutoa umri, ambayo kwako inatoa 204. Ni makadirio tu, na kwako yana kasoro moja zaidi: salbutamoli yenyewe huongeza mapigo, kwa hiyo hesabu itakudanganya kwamba unafanya kazi kubwa kuliko ilivyo. Tumia mazungumzo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye mwendo wa wastani. Ukiweza maneno machache tu kabla ya kuvuta hewa, huo ni mwendo mkali, na vipande vyako vya kukimbia viwe hapo. Ukishindwa kutoa hata neno, au ukisikia filimbi kifuani, punguza.

Kuogelea nakuwekea kama akiba. Hewa ya juu ya maji ina unyevu na joto, na wengi wenye pumu huogelea vizuri kuliko wanavyokimbia. Lakini bwawa la ndani lenye harufu kali ya klorini linaweza kuwasha njia za hewa. Nenda ukakae pembeni ya bwawa dakika 20 kabla ya kuamua. Kama hujui kuogelea kabisa, uliza kama wanaoanza wana mwalimu wao na sehemu yao ya kina kifupi. Wakichanganywa na wanaojua, wanaoanza huishia kushika ukingo muhula mzima.

Michezo ya Timu haina ubaya kwa pumu yako, kwa kuwa nayo ni ya kukimbia na kusimama. Tatizo ni namna inavyofundishwa: wanafunzi 22 na mpira mmoja, wanaojua wanapeana, wengine wanasimama. Mwalimu anayegawa watatu kwa watatu au wanne kwa wanne kwenye viwanja vidogo huwapa wote mpira mara nyingi. Ukimwona anafundisha hivyo, chagua bila hofu mwaka unaofuata.

Afya na Huduma ya Kwanza si ya kupumzikia, na kwa mtu anayetaka uuguzi ningeshangaa ukiiacha. Usingizi peke yake una mengi ya kujifunza: umri wako unahitaji saa 8 hadi 10, na anayelala 5 hawezi kutegemea vyuma vimjenge. Utafundishwa lishe, afya ya akili, uzazi na hedhi, dawa za kulevya. Ila angalia sehemu ya huduma ya kwanza inafanywaje. Kama ni kunakili ubaoni, pigania iwe ya mikono. Kubonyeza kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ni kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2, na wasaidizi wanapokezana kila baada ya dakika 2 kwa sababu mikono huchoka na kina hupungua bila mwenyewe kujua. Hayo huyapati kwa kusoma. Wanaoanza hukunja viwiko na kubonyeza kwa misuli ya mikono. Ukinyoosha viwiko na kuleta mabega juu ya viganja, uzito wa mwili unafanya kazi. Kosa jingine ni kuegemea kifua bila kukiachia kirudi juu, na kisiporudi moyo haujai damu. Utaona hapo kwamba planki na pushapu za somo lile lingine zinakuhudumia na hapa.

Kumbuka tu kwamba Afya haihesabiwi kama mazoezi. Ni dakika za dawatini.

Sayansi ya Michezo nayo ni ya dawatini kwa sehemu kubwa, na jina lake huwapoteza wengi: misuli na mifupa, moyo na mapafu, nguvu na wenzo, saikolojia ya michezo, kisha mtihani. Ni somo zuri. Lakini kwa uuguzi, baiolojia na kemia zako ndizo zitakazoulizwa kwanza. Kama hizo zimesimama imara, lichukue mwaka unaofuata. Kama zinayumba, usijibebeshe mtihani mwingine.

Kabla ya Ijumaa, mtafute mwalimu wa Siha na Nguvu umuulize mambo matatu. La kwanza, katika kipindi mnatembeza mwili kwa dakika ngapi hasa? Kipindi cha dakika 40 kikitolewa 5 za kubadili nguo, 5 za kuita majina na maelezo, 5 za kutoa vifaa na 5 za kurudisha na kuvaa tena, zimebaki 20. Kwa hiyo vipindi viwili kwa wiki haviwezi kukutosha, na utahitaji kutembea na kufanya mazoezi nyumbani. La pili, alama zinagawanywaje? Kama nusu inatokana na kipimo cha mbio, muulize kama atakupima kwa ulivyopiga hatua kutoka mwanzo wa muhula, na mpe barua ya daktari hapohapo. La tatu, darasa lina wanafunzi wangapi kwa msimamizi mmoja? Mwalimu mmoja na watu 40 wenye vyuma mkononi hawezi kuona magoti ya kila mtu. Hapo omba kufanya wawili wawili, mmoja anafanya na mwingine anatazama umbo.

Uliza pia kama mnaruhusiwa kubadili somo katika wiki mbili za mwanzo, na kama siku za hedhi unaweza kuvaa suruali nyeusi badala ya kaptula ya shule. Hedhi yenyewe haizuii mazoezi, na wengine maumivu huwapungua wakifanya taratibu, lakini msichana anayeogopa nguo kuchafuka atakaa benchi hata kama mwili unaweza.

Ukiambiwa Siha na Nguvu imejaa, andika Kuogelea kwenye nafasi hiyo, na Afya ibaki palepale. Inhela ya akiba ipeleke ofisini siku hiyohiyo unaporudisha fomu, ikiwa na jina lako na tarehe ya mwisho ya kutumika imeandikwa kwa nje.